Akisema "hatari yangu ni ndogo", anasema nini?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mshauri nasaha kwenye mradi wa utafiti wa kinga ya VVU. Washiriki wetu ni wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Siku ya kujiunga tunawauliza kwa dodoso: unaionaje hatari yako ya kupata VVU, ni kubwa, ya wastani, ndogo, au hakuna? Wengi huchagua "ndogo" au "hakuna", na bado wanaomba sana kujiunga. Kila mwezi wanarudisha chupa za vidonge zikiwa tupu. Sasa vipimo vya damu vimekuja na kuonyesha kwamba wengi hawamezi. Mmoja wao, ambaye chupa yake haijawahi kurudi na kidonge hata kimoja, ameambukizwa. Nimeumia sana. Je, hatukuwaelimisha vya kutosha, au wanatudanganya? Na huyu dada nimwambie nini?

JIBU

Pole, dada yangu. Uchungu huo naujua. Nimekaa upande huo wa meza miaka mingi, kalamu mkononi, nikiweka alama penye "ndogo" huku nikijiuliza kama mtu huyu amenisikia. Alikuwa amenisikia. Mimi ndiye niliyechelewa kumsikia yeye.

Unachokiona kituoni kwako kilishaonekana kwa uchungu mkubwa kwenye utafiti ulioitwa FEM-PrEP. Ulifanyika Bondo nchini Kenya, Arusha nchini Tanzania, na Bloemfontein na Pretoria nchini Afrika Kusini, kwa wanawake 2,120. Si wote waliokuwa kwenye biashara ya ngono, ila wote walikubaliwa kwa sababu maisha yao yaliwaweka karibu na VVU. Nusu walipewa kidonge cha kila siku cha PrEP, yaani dawa anayomeza mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, nusu dawa bandia inayofanana nacho. Aprili 2011 utafiti ukasimamishwa: walioambukizwa walikuwa 33 kwenye kundi la dawa na 35 kwenye kundi la dawa bandia. Kwa maneno ya wanawake wenyewe, 95% ya vidonge vilikuwa vimemezwa. Kwa hesabu ya vidonge vilivyorudi, 88%. Damu ikasema mengine kabisa: hata 40% hawakufika waliokutwa na dawa ya siku za karibuni mwilini. Na mwanzoni, walipoulizwa swali kama lako, takribani 70% walisema hatari yao ni ndogo au haipo. Wakati huohuo, katika makundi yote mawili, karibu wanawake 5 kati ya kila 100 walikuwa wakiambukizwa kila mwaka.

Ukizitazama namba hizo harakaharaka utasema kama wengi walivyosema: hawakuelewa. Mimi sikubaliani. Wanawake hawa walikuwa wamepewa nasaha mwezi hadi mwezi. Mtu anayeishi kwa biashara ya ngono anajua kuhusu kondomu kupasuka, mteja mlevi na dalili za gono kuliko vijitabu vyetu vyote. Tatizo liko kwenye swali.

Lisikilize neno lenyewe. Hatari, kwa Kiswahili, ni nyoka mlangoni. Ni bango lenye fuvu kwenye nguzo ya umeme. Ni kitu kilichopo, kinachotaka ukimbie sasa hivi. Aliyetunga dodoso alikuwa anawaza jambo jingine: uwezekano, hesabu ya wangapi kati ya mia. Mwanamke akiulizwa "uko kwenye hatari kiasi gani?" anageuka kutazama kama kuna nyoka. Leo hayupo. Anajibu "ndogo", na kwa swali alilolisikia amejibu kweli.

Kisha kuna lile neno la kwenye ripoti zetu, "makundi hatarishi". Mimi nimeliacha, na ningefurahi kama nawe ungeliacha. Kuhatarisha ni kumtia mwingine hatarini, na hatarishi ni yule mwenye kutenda hivyo. Tulikusudia kusema kwamba wanawake hawa wako hatarini, lakini tumeandika kwamba wao ndio wanaowatia wengine hatarini. Mtu aliyebandikwa jina hilo kabla hajavuka mlango wa kliniki, ukimwuliza hatari yake ina ukubwa gani, hakupi makadirio. Anajitetea. "Ndogo" yake inasema: mimi najitunza, mimi si mchafu, usiniweke pamoja na wale.

Na "wale" hawakosekani. Karibu kila mwanamke niliyezungumza naye alikuwa na mwenzake wa kumwonyeshea kidole: yule anayekwenda bila kondomu mteja akiongeza hela, yule anayelewa kazini, yule mgeni ambaye hajajua kuchagua wateja. Hatari hupimwa kwa kulinganisha, na wa kulinganishwa naye ni yule aliye chini yako. Ukimfuata huyo "yule", naye atakuonyesha mwingine.

Lakini sehemu iliyo nzito zaidi, ambayo dodoso haiigusi kabisa, ni ya wanaume wenyewe. Kwenye fomu wote ni "wenzi wa ngono", wamehesabiwa kwa idadi. Kwenye maisha yake wamepangwa kwa ngazi. Chini kabisa yuko mteja wa kupita, asiyejulikana jina. Huyo kondomu ni lazima, na kwake mwanamke yuko macho kama askari wa lindo. Juu yake yuko mteja wa kudumu, anayekuja mwisho wa mwezi, anayeuliza hali ya mtoto, ambaye siku moja alilipa dawa mwanamke alipougua. Juu zaidi yuko bwana, mpenzi, baba wa mtoto. Kadiri unavyopanda ngazi hizo, ndivyo kondomu inavyopungua. Tafiti za nchi nyingi zimeliona jambo hilo hilo: kondomu hutumika sana kwa wateja wapya na kidogo kwa wenzi wa kudumu. Kwa mwanamke anayefanya kazi hii, kuvua kondomu ndiyo alama iliyobaki ya kumwambia mwanamume kwamba wewe si kazi. Ukimwambia ampe mpenzi wake kondomu unamtaka ampeleke mpenzi huyo chini, kwenye ngazi ya wateja. Kwa hiyo anapohesabu hatari, anahesabu wageni, na kwa wageni amejifunga mkanda. Yule aliyelala naye kitandani kwake hakuingizwa kwenye hesabu, na wala hakusahaulika kwa bahati mbaya. Aliondolewa kwa upendo.

Mteja wa kudumu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anahama ngazi bila mtu kutangaza. Hakuna siku ambayo mwanamke anaamka na kusema leo huyu nimemwamini. Mara ya kumi kondomu ilikuwepo. Mara ya kumi na mbili haikuwepo. Ukimwuliza lini iliachwa, hajui.

Kuna jambo jingine tunalichangia sisi wenyewe, nalo ni majibu ya vipimo. Mradi wa utafiti humpima mshiriki mara nyingi kuliko mtu yeyote nje ya utafiti, tena wengi kila mwezi. Kila jibu la "huna maambukizi" tunalitoa kwa tabasamu na maneno ya "endelea hivyo hivyo". Baada ya majibu manane ya namna hiyo, mwanamke ana ushahidi ulioandikwa na maabara kwamba anachokifanya kinatosha. Sisi tulikuwa tunampima. Yeye alikuwa anathibitishiwa.

Hesabu ya virusi nayo inamsaidia kuamini. Kwa wastani, mwanamke anapojamiiana kwa njia ya uke mara moja bila kondomu na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa hukadiriwa kuwa 8 katika kila 10,000. Washauri wengi huificha namba hiyo kwa hofu kwamba watu wataacha kondomu. Naona ni kosa, maana watu wanaiona kwa macho yao hata tukiificha. Chukua wanawake 100, kila mmoja akutane na hali hiyo mara 1,250. Kwa hesabu tupu, kama 37 watatoka bila maambukizi. Hao 37 wataielezaje bahati yao? Watasema damu yangu ni kali, au najua kuchagua, au Mungu ananilinda. Tulimtishia kwamba mara moja inatosha. Yeye anajua mara zake zilizopita, na anajua hajaambukizwa. Maneno yetu yanakosa uzito, na pamoja nayo lile la muhimu tulilopaswa kumwambia: kwamba wastani huo unaficha siku mbaya. Mwanamume aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi tele na hajui. Kidonda sehemu za siri hufungua njia. Na upande wa pili, mwanamume anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mwanamke anaweza kuwa salama kabisa kwa mtu anayemwogopa na kuwa matatani kwa yule anayemwamini.

Nadhani umewahi kusikia habari za wanawake wa Majengo, Nairobi. Tangu 1985 watafiti wamefuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono pale, na marehemu Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliitumikia kazi hiyo kwa moyo kwa kuwapa wanawake hao heshima waliyonyimwa kwingine. Humo walipatikana wachache waliokaa miaka mingi bila kuambukizwa ingawa walikutana na virusi mara kwa mara. Dunia ya sayansi ikawajia. Kisha mwaka 2001 ikachapishwa taarifa isiyosemwa sana mitaani: baadhi yao waliambukizwa baadaye, na jambo lililohusishwa na maambukizi hayo ni kupunguza kazi ya ngono katika mwaka uliotangulia. Watafiti walifikiri kwamba huenda kinga ya mwili ilififia ilipokosa kuchochewa. Mimi sitoki hapo na somo la kibaiolojia tu. Mwanamke aliyepunguza wateja amefanya kile hasa ambacho washauri tunakisifia, na kwa akili yoyote timamu angejiona amesogea mbali na hatari. Ndiyo maana simlaumu mtu kwa kukadiria vibaya jambo ambalo hata maprofesa liliwashangaza.

Nije kwenye foleni ya hofu. Sisi tunakaa ofisini tukiuliza kuhusu ugonjwa ambao dalili zake zinaweza kuchukua miaka. Yeye usiku wa leo anamwogopa mteja atakayempiga, polisi atakayemkamata, mwenye nyumba atakayefunga mlango, mtoto atakayelala bila kula. Katika nchi kadhaa imerekodiwa kwamba polisi hutumia kondomu alizobeba mwanamke kama ushahidi dhidi yake, hivyo kile tunachokiita kinga kinakuwa chanzo cha kukamatwa. VVU ipo kwenye foleni hiyo, lakini imesimama nyuma. Akisema "ndogo", mara nyingine ana maana ya ndogo kuliko hizi nyingine.

Sasa, kama hajioni hatarini, kwa nini anaomba kujiunga? Hapo umegusa jambo ambalo miradi mingi hulikwepa. Anajiunga kwa sababu mtaani kwake hakuna kliniki inayompima magonjwa ya zinaa bila kumsimanga. Kwa sababu kwenye mradi anaitwa kwa jina lake, anapewa kiti, muuguzi anamwuliza amelalaje. Kwa sababu ya nauli na fidia ya muda, ndiyo, na sioni aibu yoyote hapo. Muda wake ni kazi yake. Wengine wanajiunga kwa ajili ya wenzao na watoto wao wa kike, na hao wanastahili kuaminiwa wanaposema hivyo. Na wako wanaojiunga kwa sababu wanajiona hatarini sana, ila hawawezi kusema mbele ya mgeni mwenye kalamu. Hao ndio wa kuwatazama kwa makini zaidi, maana wanakuja wakiamini kwamba mradi wenyewe ni kinga. Wanasema moyoni: hawa madaktari hawawezi kunipa kitu kisichofanya kazi. Umemweleza kwamba nusu ya washiriki wanapata dawa bandia, amerudia maneno yako vizuri, ametia sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Akifika nyumbani anajiambia kwamba yeye yuko kwenye nusu ile nyingine.

Naye ana haki ya kujua kwamba mradi wenyewe unaweza kuwa hatari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeli ya nonoksinoli-9 ilijaribiwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono nchini Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matumaini yalikuwa makubwa: kinga ambayo mwanamke angeitumia bila kumwomba mwanamume ruhusa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2000, kati ya wanawake 765 waliofuatiliwa, waliotumia jeli hiyo walioambukizwa walikuwa 59, na waliotumia jeli bandia 45. Waliopaka mara nyingi zaidi kwa siku ndio walioumia zaidi, kwa kuwa jeli ilikuwa inachubua uke. Yaani waliofuata maelekezo kwa bidii, na wenye wateja wengi, ndio waliolipa. Januari 2007 utafiti wa jeli nyingine, ya selulosi salfeti, ukasimamishwa baada ya dalili kama hizo kuonekana. Kwa hiyo mwanamke anayekutazama kwa wasiwasi ukimkabidhi chupa, au anayesema mtaani wanadai damu zetu zinauzwa, usimcheke. Kuhusu damu anakosea. Kuhusu kuwa na wasiwasi, historia iko upande wake.

Mwaka 2004, Phnom Penh nchini Kambodia, wanawake wanaofanya biashara ya ngono walitakiwa kushiriki kwenye jaribio la kidonge cha PrEP. Kupitia chama chao, Women's Network for Unity, waliuliza: tukipata madhara baada ya miaka, nani atatutibu? Walidai bima ya afya ya muda mrefu. Agosti mwaka huohuo Waziri Mkuu Hun Sen akauzuia utafiti kabla haujaanza. Februari 2005 utafiti wa namna hiyo ukasitishwa Douala, Kamerun, na miongoni mwa malalamiko yalikuwa matibabu ya watakaoambukizwa wakiwa ndani ya utafiti. Wakati ule watu wengi wa fani yangu waliwalaumu wanawake hao na wanaharakati kwa kuichelewesha sayansi. Mimi nawahesabu kuwa watu waliopima hatari kwa usahihi kuliko waandishi wa mpango wa utafiti, maana hatari waliyoiona ilikuwa na maswali mawili tu: nani atanufaika na nani atabaki na mimi baadaye. Miongozo ya kuishirikisha jamii kwenye majaribio ya kinga ya VVU, iliyotolewa mwaka 2007 na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, na AVAC, shirika la utetezi wa kinga ya VVU, ilizaliwa na misukosuko hiyo.

Rudi sasa kwenye chupa tupu. Wakati wa FEM-PrEP hakuna aliyejua kama kidonge kinafanya kazi kwa wanawake, na kila mshiriki alijua anaweza kuwa anameza dawa bandia. Mwanamke asiyeona nyoka, aliyepewa rungu ambalo pengine ni la karatasi, lenye kumtia kichefuchefu, na linalofanana na dawa za ARV kiasi kwamba mteja akiliona atajua "anaumwa" na hatarudi: unamtarajia alibebe kila siku? Kumeza kulikuwa na hatari zake, tena za leo leo. Watafiti walirudi baadaye kuwauliza baadhi ya wanawake kwa nini walisema wamemeza wakati hawakumeza. Sababu mojawapo ilikuwa hofu ya kuondolewa kwenye utafiti au kukaripiwa. Hapo ndipo swali lako la "wanatudanganya" linapopata jibu. Walikuwa wanalinda mahali pekee walipoheshimiwa, na ukweli ungewanyima mahali hapo.

Linganisha na Partners PrEP, nchini Kenya na Uganda, ambako zilishiriki jozi 4,747 za wanandoa na wapenzi, katika kila jozi mmoja akiwa na VVU na mwenzake hana. Kidonge kilekile cha dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa 75%, na dawa ilikutwa kwenye 82% ya sampuli za damu za wasioambukizwa. Watu hao hawakuwa na akili kuliko wanawake wa Bondo. Walikuwa wanajua hasa hatari inaitwa nani, inalala upande gani wa kitanda, na hawakuhitaji kumficha mtu chupa. Hatari ilikuwa na sura. Ndani ya FEM-PrEP yenyewe, waliokiri kwamba wana hatari kiasi fulani walielekea kumeza vizuri zaidi kuliko waliosema hawana.

Sindano za PrEP zimeondoa mzigo wa kuficha, na nashukuru. Kwenye utafiti wa PURPOSE 1 nchini Afrika Kusini na Uganda, mwaka 2024, hakuna hata mmoja kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa lenakapaviri kila miezi sita aliyeambukizwa. Lakini tazama upande wa vidonge vya kila siku kwenye utafiti huohuo: 16 kati ya 1,068 kwa kidonge kimoja na 39 kati ya 2,136 kwa kingine, kwa sababu wengi hawakumeza. Ni mambo yaleyale ya 2011. Sindano haikumfundisha mtu kuiona hatari. Ilimwondolea tu lazima ya kuikumbuka kila siku. Na bado mtu lazima aone sababu ya kuja kwa sindano ya kwanza.

Kituoni kwako, ningeanza kwa kuliondoa lile swali la ngazi nne, au kama mfadhili analitaka, liulize mwisho. Mwanzoni mwombe akupitishe kwenye watu wake, mmojammoja, bila majina. Ni yupi ambaye huwezi kumwambia avae? Ni yupi aliyeanza kama mteja na sasa hujui umwiteje? Mara ya mwisho hela zilipokauka kabisa, ilikuwaje usiku ule? Utaona kwamba mwanamke aliyesema "ndogo" anakuchorea ramani nzima ya mahali virusi vinaweza kupita, kwa utulivu, kwa sababu hujamwita hatari. Ukifika hapo ndipo umwulize: kwa watu hawa, kidonge kingekusaidia kwa nani?

Jambo la pili, anayeuliza maswali hayo asiwe yule anayeamua nani aingie kwenye mradi. Mtu akishahisi kwamba jibu linafungua au kufunga mlango, atajibu mlango. Nimeona wanawake wakikuza hatari yao ili wakubaliwe na wengine wakiipunguza ili wasihukumiwe, siku hiyohiyo, kwenye benchi moja, wakipeana habari ya jibu linalotakiwa.

Na vipimo vya dawa kwenye damu visiwe siri. Waambie tangu mwanzo kwamba vitapimwa, na kwamba asiyemeza hafukuzwi wala hakaripiwi. Katika VOICE, utafiti wa wanawake 5,029 nchini Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, dawa ilikutwa kwenye robo mpaka chini kidogo ya theluthi ya sampuli. Baadaye baadhi ya wanawake walipoonyeshwa majibu yao wenyewe ya damu na kuulizwa kwa upole, walifunguka kuliko walivyowahi kufunguka. Ukweli ulikuwa umeshajulikana, hapakuwa tena na cha kulinda. Kuhesabu vidonge kwenye chupa, kwa maoni yangu, hakusaidii kitu. Kunamfundisha mtu kumwaga vidonge asubuhi ya siku ya kliniki.

Sasa huyu dada.

Kwanza usimwulize vidonge vilikwenda wapi. Si wiki hii. Hakikisha anaanza ARV mara moja. Tangu 2015 WHO inashauri kila mwenye VVU aanze matibabu bila kusubiri kinga ishuke. Kama alikuwa anameza PrEP hata kwa kurukaruka, waombe madaktari wa mradi wapime kama virusi vyake vimeshapata usugu kwa dawa zilizomo, na kama matibabu yanahitaji kujua alikuwa kundi gani, upo utaratibu wa kufungua siri hiyo kwa mshiriki mmoja. Soma tena fomu ya ridhaa aliyotia sahihi, ile sehemu ya huduma kwa watakaoambukizwa, kisha mshike mkuu wa mradi hadi kila kilichoandikwa pale kitimizwe. Kama anataka, nenda naye kliniki ya matibabu siku ya kwanza, usimpe karatasi ya rufaa tu, maana kwenye foleni ile atakuwa tena mtu asiyejulikana. Mwambie kuhusu kufubaza virusi, kwamba akimeza vizuri hatamwambukiza mtu kwa ngono. Hilo wengi hulia wakilisikia, kwa sababu hofu yao ya kwanza ni yule bwana na mtoto watakayemzaa.

Na akikuuliza kama ni kosa lake, mjibu kwamba yeye alikuja kila mwezi. Alijibu maswali mliyomwuliza. Mengine hamkumwuliza.

Siku akiwa tayari, labda baada ya miezi, atakuambia mwenyewe habari ya vidonge, na pengine habari ya mwanamume ambaye hakuwahi kumtaja. Usiitafutie kisanduku kwenye fomu. Iandike kama alivyosema, kwa maneno yake, na umwulize kama anakubali uipeleke kwa wanaotunga dodoso la utafiti unaofuata.